Kumfuata mjusi wa Tendaguru: shajara ya safari ya peke yangu, Berlin hadi Vienna

24 Novemba 2024: viza imekataliwa

Nauza vitenge Kariakoo. Guangzhou nimekwenda mara tatu na Dubai sikumbuki mara ngapi, lakini zote zilikuwa safari za mzigo, tena za kundi: chumba mnachangia, chakula mnachangia, hata mkalimani ni wa kuchanga. Safari hii nataka kwenda mwenyewe, bila oda ya mtu. Nakwenda kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwetu Lindi enzi za Mjerumani akapelekwa Berlin, ambaye wabunge wetu kila baada ya muda humuulizia bungeni. Nikimalizana naye napanda treni hadi Prague, kisha Vienna, halafu narudi dukani.

Daftari naanza na hasara kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Ombi la viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, limekataliwa, na ada yake ya euro 90 hairudi. Majibu yanakuja kwenye fomu yenye visanduku, na kile kilichotiwa alama ndiyo sababu yako. Changu kilikuwa cha uwezo wa kujikimu.

Nimekaa na ile karatasi wiki nzima mpaka nikaliona kosa. Sisi watu wa Kariakoo pesa zetu hazilali benki. Asubuhi zinaingia kwenye simu, jioni zimeshakwenda kwa mwenye godauni. Akaunti yangu ilikuwa na laki mbili na nusu kwa miezi miwili, halafu wiki moja kabla ya kuomba nikatumbukiza milioni tisa kwa mkupuo ili ionekane imenona. Ungekuwa wewe umekaa upande wa pili wa dirisha ungefikiri nini? Kwamba ni pesa za kuazima. Na kweli, nusu yake zilikuwa za shemeji yangu.

16 Februari 2025: marekebisho

Tangu Desemba mauzo nayaweka benki kila jioni, hata yakiwa elfu themanini. Inachosha, foleni ya wakala nimeizoea sasa, lakini taarifa ya benki imeanza kufanana na biashara yenyewe: inapanda, inashuka, inapumua. Nimeongeza leseni ya biashara, TIN, cheti cha mlipakodi, mkataba wa pango la duka, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza nani atauza nisipokuwepo (mdogo wangu) na kwa nini lazima nirudi kabla ya Juni. Idi Kubwa inaangukia wiki ya kwanza ya Juni, na mwenye duka la nguo hakosekani msimu wa Idi.

Kuna jambo jingine nililokuwa nimelipuuza. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile unayoingilia. Ratiba ya kwanza ilikuwa na Vienna siku nne na Berlin tatu, nami nikaomba kwa Wajerumani. Sasa nimegeuza: Berlin nne, Prague tatu, Vienna tatu.

Gharama ninazojua mpaka sasa, kila euro nikiihesabu kwa shilingi 3,050 ili daftari lisinivuruge: viza mbili euro 180, yaani 549,000, na nusu yake ni ujinga wangu. Bima ya safari 110,000. Hakikisha karatasi yake inataja kinga isiyopungua euro 30,000, la sivyo wanakurudisha. Ndege, kuingilia Berlin na kutokea Vienna, 2,350,000. Vitanda vya hosteli, chumba cha wanawake pekee, euro 278 kwa siku zote kumi. Treni mbili, euro 62, nitakata viza ikitoka. Matumizi ya mkononi nimejipangia euro 35 kwa siku.

13 Aprili 2025: viza imetoka

Imechukua siku 13. Mara hii hakuna aliyeniuliza kuhusu pesa.

17 Mei, Jumamosi: Dar hadi Berlin, hasara mbili

Ndege ilikuwa ya alfajiri ya leo. Kijana wa bajaji nilimwambia tangu Jumatano: "Nichukue usiku wa Jumamosi, saa nne." Saa nne ikafika, nimeshafunga begi, nimeshaagana na majirani, kimya. Nikampigia.

"Dada, si umesema usiku wa Jumamosi? Leo Ijumaa."

Mimi nimelelewa na bibi. Kwa bibi usiku hutangulia mchana wake: jua likizama Ijumaa, Jumamosi imeshaingia. Kijana kazaliwa mjini, siku yake inaanza saa sita za usiku. Hakuna aliyekosea, ila aliyekuwa na ndege ni mimi, na yeye alikuwa Mbagala. Nikaita gari kwa simu, elfu arobaini badala ya kumi na tano tulizopatana na bajaji. Ukimpa mtu miadi ya usiku, mtajie tarehe na umwambie "wa kuamkia".

Terminal 3 mpaka Istanbul, Istanbul mpaka Berlin, hakuna la kusimulia. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia mjusi. Akacheka, akauliza tiketi ya kurudi, akagonga muhuri.

Hasara ya pili ndiyo kubwa. Stesheni ya treni iko chini ya uwanja. Nilijua uwanja uko kanda C ya nauli, nikanunua tiketi ya kanda zote tatu, ABC, euro 4.70, nikaikunja vizuri na kuitia kwenye pochi pamoja na pasi. Vituo vitatu mbele, kijana wa jinzi, kofia kichwani, akanisimamia mbele na kunionyesha kitambulisho haraka haraka. Kwa akili ya Kariakoo, mtu wa jinzi anayekunong'oneza "nionyeshe" haonyeshwi kitu. Nikageuza uso dirishani na kukumbatia pochi. Akaja mwenzake. Abiria mmoja mama mtu mzima akanieleza kwa Kiingereza kwamba hawa ni wakaguzi kweli, ndivyo wanavyovaa.

Nikatoa tiketi kwa kujiamini. Wakaigeuza, wakanionyesha nafasi tupu pembeni. Haijagongwa. Jukwaani kuna kisanduku kimefungwa kwenye nguzo, kimo cha kiuno, unachomeka tiketi inalia *krr* na kutoka na saa na tarehe. Nilikipita, tena nadhani nilikiegemea. Tiketi ambayo haijagongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi: euro 60. Nilijaribu kupatana nao, nikaanza na 20. Yule mama akaniambia taratibu, "Hapa hawapatani." Nikalipa kwa kadi: 183,000. Kwa bei ya jumla hiyo ni pesa ya mzigo mzuri wa vitenge.

Tiketi nimeibandika kwenye daftari. Nafasi tupu bado inaonekana.

18 Mei, Jumapili: maduka yamefungwa

Nilipanga kujipikia hosteli ili kubana matumizi. Nimetembea dakika arobaini nikitafuta duka la mchele na mayai. Yote milango imefungwa, taa zimezimwa. Nikadhani kuna msiba wa taifa. Jumapili Ujerumani ni siku ya mapumziko iliyolindwa mpaka na katiba yao, na maduka ya kawaida hayafunguliwi. Yanayofunguliwa ni ya ndani ya stesheni kubwa, kwa bei ya stesheni. Kama unafika Jumamosi, nenda dukani kabla hujaenda kulala.

Migahawa iko wazi, na kwa Mwislamu Berlin haina shida. Waturuki na Waarabu wamejaa, nyama ya kuzunguka kwenye mkate ni euro saba na mtu mmoja anashiba mpaka jioni. Nilikula, nikapanda treni ya chini kwa chini ya U6 mpaka kituo kiitwacho Afrikanische Straße.

Huo ni mtaa mzima uliopewa majina ya makoloni. Unakatisha Ugandastraße, unakuta Sansibarstraße, mbele Usambarastraße. Nilichofuata ni barabara iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Carl Peters, ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Agosti 2024 waliifuta. Sehemu moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na sehemu nyingine ni Maji-Maji-Allee. Mama yangu kwao ni Umatumbini, na vita ilianzia huko 1905. Nilisimama chini ya kibao nikapiga picha, mzee mmoja akapita na mbwa, mtoto akapita na baiskeli, hakuna aliyekitazama. Nami nikaondoka. Ilikuwa barabara ya makazi tu, miti na magari yameegeshwa.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mwezi huu jua la huku linazama saa tatu usiku. Nilikaa hosteli nikisubiri Magharibi kama anayesubiri basi lililoharibika. Saa kumi na mbili na nusu, jua liko juu. Saa mbili, watoto wanacheza nje. Hata neno "usiku" mdomoni linakuwa zito, unasema saa mbili usiku huku umekunja uso kwa mwanga. Isha nikaiswali karibu na saa sita.

19 Mei, Jumatatu: makumbusho yamefungwa

Nilikwenda mpaka mlangoni, Invalidenstraße, na shati jipya la kitenge. Jumatatu wanafunga. Nilikuwa nimeangalia bei, nimeangalia treni, siku sikuangalia. Ingekuwa nimepanga Berlin siku tatu kama ratiba ya kwanza, ningeondoka bila kumwona mjusi, na huenda ile fomu ya kukataliwa imeniokoa. Kabla ya kupanga mji wowote, andika kwanza kilicho cha lazima, tafuta siku yake ya kufungwa, kisha upange mengine yote kuzunguka hiyo.

Siku haikupotea yote. Nimejifunza chupa. Siku mbili nanunua maji, namaliza, natupa. Leo nikamwona mzee anachagua chupa kwenye pipa kwa fimbo, nikauliza hosteli. Kila chupa ya plastiki ya maji au soda ya kutumika mara moja ina senti 25 za amana ndani ya bei yake. Unairudisha dukani, mashine inaimeza, inakupa risiti, unakatiwa kwenye manunuzi. Senti 25 ni kama shilingi 760! Nilishatupa sita. Na kubwa zaidi: maji ya bomba ya Berlin yananyweka bila kuchemsha. Kuanzia leo naijaza chupa moja.

Kufuli la kabati hosteli: euro 7. Kariakoo elfu nne. Beba la nyumbani.

20 Mei, Jumanne: mjusi

Kiingilio euro 11. Unapita mlango, unageuka, naye yuko hapo katikati ya ukumbi wenye paa la kioo.

Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha mnyama kilichosimamishwa duniani kinachomzidi. Namba hiyo nilikuwa naijua tangu nyumbani, haikunisaidia. Nilianza kumtazama miguuni, kwa sababu ndiyo iliyo usawa wa mtu, na paja lake la mbele peke yake linanipita. Mifupa ina rangi ya udongo uliokauka. Ukiikaribia unaona nyufa zilizozibwa, mistari myembamba kama kitenge kilichoshonwa na fundi mzuri baada ya kuchanika. Alisimamishwa mara ya kwanza 1937, na si mmoja: ameunganishwa kutoka kwa zaidi ya mnyama mmoja. Kichwa kilicho juu ni cha kuigiza.

Mlima Tendaguru walichimba tangu 1909 hadi 1913. Mabosi wa Kijerumani majina yao yanajulikana. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na 2007 wanasayansi walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka pale, zikabebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Nimebeba marobota maisha yangu yote. Nilijikuta napiga hesabu ya mizigo, kilo thelathini kichwani, safari ngapi, na nikaacha.

Nikampigia baba kwa video.

"Shikamoo baba. Niko naye hapa."

"Marahaba. Hebu nimwone." Nikaizungusha simu kutoka miguuni mpaka shingoni. Baba akakaa kimya. "Mbona amekonda hivi? Hawamlishi?"

Walinzi walinitazama kwa jinsi nilivyocheka. Kisha akauliza, sauti nyingine kabisa: "Wameandika Tendaguru?"

"Wameandika."

"Piga picha hayo maandishi unitumie. Huyo mwenyewe nimeshamwona."

Nimekaa saa tatu na nusu. Benchi lipo.

21 Mei, Jumatano: treni mpaka Prague

Tiketi nilikata Aprili kwa euro 38. Ya bei hiyo imefungwa na treni ileile, ukichelewa imekufa. Nilikaa kiti cha mtu, nikahamishwa. Mwendo ni saa nne na ushei, na baada ya Dresden kaa upande wa kushoto, mto Elbe unakwenda na wewe. Mpakani hakuna aliyegonga pasi.

Mitaa ya Prague imetandikwa vijiwe. Gurudumu la kushoto la begi lilianza kulia tangu stesheni, likalia kwa nguvu, kisha likanyamaza. Lilipokatikia sikujua. Begi la kilo 14, hosteli kilomita moja na nusu. Nikatoa kanga, nikalifunga begi mgongoni kama mtoto, fundo kifuani. Watu walipiga picha, wapige. Nimebeba kanga tatu, na mpaka sasa moja imekuwa taulo, moja pazia la kitanda cha chini hosteli na moja mbeleko. Nikijua yanayonisubiri ningebeba tano na begi la kuvaa mgongoni tangu mwanzo.

22 Mei, Alhamisi: kibanda cha fedha

Hapa nastahili kuchekwa. Mimi ninayebadilisha fedha kila mwezi.

Wacheki hawatumii euro, wanatumia koruna, na wiki hii euro moja ni karibu koruna 25. Karibu na uwanja wa mji mkongwe kuna kibanda kimeandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna kamisheni. Nilikuwa na njaa. Nikasukuma euro 100 dirishani, nikapewa koruna 1,700 na risiti, nikatoka. Hatua kumi mbele akili ikarudi. Kumi na saba! Kamisheni kweli hakuna, wameshaila kwenye bei. Euro 32 zimeyeyuka kwa dakika moja.

Nikarudi dirishani, jamaa akatikisa kichwa. Nikaenda hosteli kwa hasira. Binti wa mapokezi akaniuliza swali moja: "Risiti unayo? Saa ngapi imepita?" Tangu 2019 sheria yao inakuruhusu kutengua ubadilishaji wa mpaka euro 1,000 ndani ya saa tatu, bila kueleza sababu. Ilikuwa imepita dakika hamsini. Akaniandikia sentensi moja ya Kicheki kwenye karatasi. Niliisukuma dirishani pamoja na risiti na koruna zote 1,700. Jamaa akaisoma, akanitazama, akahesabu euro mia moja bila neno.

Baada ya hapo nimetumia mashine ya benki. Nayo ina mtego wake: inakuuliza kama ikukate kwa fedha ya kadi yako au kwa koruna. Chagua koruna kila mara, hata kama kitufe cha pili ndicho kikubwa na cha kijani.

23 Mei, Ijumaa: saa ya bibi

Tiketi ya saa 24 ya usafiri nimenunua kwa koruna 120, imegongwa. Daraja la Charles nimelivuka kabla watu hawajaamka. Mchana nikaenda kuitazama ile saa ya ukutani ya 1410. Umati unasubiri sanamu zinazojitokeza dirishani kila saa, simu zote juu. Mimi pochi imefungwa ndani ya kanga, mikono yote juu ya fundo.

Sanamu ni za sekunde chache. Zilipomaliza na watu kutawanyika nikabaki naisoma. Kuna mduara wa nje wenye namba za kizamani, na mkono mdogo wa dhahabu unazielekea. Mduara huo unahesabu saa za Wacheki wa kale: jua likizama, ishirini na nne imetimia, siku mpya inaanza. Mduara wenyewe husogezwa kidogo kidogo mwaka mzima kulifuata jua.

Nikampigia yule kijana wa bajaji, nikamwambia nimepata shahidi. Akaniuliza shahidi wa nini. Kelele za sokoni zilikuwa nyingi, nikamwambia nitamweleza nikirudi.

24 Mei, Jumamosi: Vienna, na hesabu

Treni mwendo wa saa nne, euro 24. Begi mgongoni tangu mlango wa hosteli.

Nimejumlisha matumizi ya mkononi, mbali na vitanda na treni kubwa. Berlin siku nne: euro 188, faini ikiwemo. Prague siku tatu: euro 81. Jumla 269 dhidi ya 245 nilizopanga, nimezidisha 24. Bila faini ningekuwa na ziada ya 36, ambayo ingetosha begi jipya.

Stesheni kuu nimenunua tiketi ya saa 24, nikatafuta kisanduku, nikagonga. Kilipolia nikaikagua tarehe, nikaigeuza, nikaikagua tena. Kisha nikaangalia saa: kumi na moja na dakika ishirini jioni, Jumamosi, na huku maduka ya vyakula yanafunga saa kumi na mbili. Hosteli ilisubiri. Nimefika dukani na begi mgongoni nikatoka na mchele, mayai sita, vitunguu, nyanya na mkate wa kesho. Chupa sikununua.